Adhabu ya Kifo Tanzania: Maswali Ninayoulizwa Mara kwa Mara

Mimi ni msaidizi wa kisheria. Kazi yangu ya kila siku ni mirathi, mipaka ya mashamba, matunzo ya watoto na ndoa zilizovunjika. Lakini karibu kila mkutano wa kijiji ninaoitwa, tukishamaliza mambo ya ardhi, hutokea mtu wa nyuma akainua mkono na kuuliza habari za kunyongwa. Mara nyingi kuna jambo limetokea siku za karibuni: kijana wa bodaboda kauawa akaporwa pikipiki, au bibi kizee kakatwa mapanga usiku kwa sababu macho yake ni mekundu, eti ni mchawi. Watu wana uchungu, na wana maswali ya maana.

Nimeyakusanya hapa yale yanayorudi sana. Hoja za kila upande nimejitahidi kuziweka kama wenye hoja wanavyozisema wenyewe, si kama wapinzani wao wanavyowasimulia. Mahali nilipo na msimamo wangu nitasema wazi kwamba ni wangu.

Tanzania bado tuna adhabu ya kifo?

Ndiyo. Kwa Tanzania Bara imo ndani ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Kifungu cha 197 kinahusu mauaji ya kukusudia na kifungu cha 39 kinahusu uhaini. Njia ni kunyongwa. Aliyekuwa chini ya miaka 18 alipotenda kosa hanyongwi, na mwanamke mjamzito hupewa kifungo cha maisha badala yake.

Kuua bila kukusudia ni kosa jingine kabisa. Hilo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha, lakini jaji anaweza pia kumpa mtu miaka mitatu, au hata kumwachia kwa masharti. Mpaka kati ya makosa haya mawili ni dhamira, yaani mtu alikuwa amekusudia nini moyoni mwake alipoinua lile panga. Moyo wa mtu haufunguki mahakamani kama faili, na ndiyo sababu kesi hizi ni ngumu.

Je, watu wananyongwa kweli?

Mara ya mwisho ilikuwa mwaka 1994.

Mahakama ikishahukumu na rufaa ikishindikana, jalada huenda kwa Rais. Yeye ndiye anayeamua kama hukumu itekelezwe, au, kwa mamlaka aliyopewa na ibara ya 45 ya Katiba, asamehe au aibadilishe iwe kifungo. Tangu 1994 hakuna Rais aliyeruhusu mtu anyongwe. Septemba 2017, alipokuwa akimwapisha Jaji Mkuu Ibrahim Juma, Rais Magufuli alisema hadharani kwamba anajua wapo waliohukumiwa, ila wasimpelekee orodha hiyo, kwa kuwa anajua ugumu wa jambo lenyewe.

Kwa hiyo tuna adhabu ambayo mahakama zinaitoa kila mwaka na hakuna anayeitekeleza. Waliohukumiwa wanakaa gerezani wakisikiliza nyayo za askari kila alfajiri. Familia za waliouawa nazo zinakaa nyumbani zikidhani kuna siku watapigiwa simu.

Jaji ana uhuru gani wa kuchagua adhabu?

Kwenye mauaji ya kukusudia, hana hata kidogo. Hili ndilo swali ninalotamani watu waanze nalo, kwa hiyo niruhusuni nikae hapa kidogo.

Miaka kadhaa iliyopita, kabla Kiswahili hakijafanywa lugha ya mahakama mwaka 2021, nilihudhuria kikao cha Mahakama Kuu katika mji mmoja wa mkoani. Washtakiwa walikuwa wawili. Walikuwa wamevunja duka usiku, na mwenye duka aliamka. Wa kwanza, mtu mzima, alimchoma kisu. Wa pili, kijana wa miaka 19, alikuwa mlangoni akiangalia kama kuna mtu anapita. Sheria yetu ina kanuni ya nia ya pamoja, kifungu cha 23: mkienda pamoja kutenda kosa, na katika kutenda kosa hilo likatokea jingine ambalo lilitarajiwa kutokea, ninyi nyote ni watendaji. Wote wawili wakatiwa hatiani kwa mauaji.

Jaji akamgeukia wakili wa utetezi: je, ana la kusema ili wateja wake wapunguziwe adhabu? Wakili akasimama, akafunga jalada lake, akasema kwa sauti ya chini kwamba sheria imewafunga wote mikono, hana la kuongeza. Jaji alivua miwani, akaishika mkononi muda, kisha akaivaa tena na kusoma. Maneno yenyewe hayakuchukua hata nusu dakika kwa kila mmoja. Yule kijana alikuwa na shati la drafti, vifungo viwili vimekatika, na mkono wake ulikuwa umeshika chuma cha kizimba. Hukumu ilisomwa kwa Kiingereza. Nyuma yangu mama yake akanigusa bega: "Mwanangu, amesema nini?"

Nikamwambia. Ningefanyaje?

Kwenye benchi hilo hilo, upande wa pili, alikuwa amekaa mjane wa marehemu. Yeye alikuwa ameshatafsiriwa na ndugu yake. Aliponiona natoka akanifuata nje, akaniuliza neno moja tu: "Lini?"

Sikuwa na jibu la kumpa yeye pia.

Hoja yenye nguvu zaidi ya wanaotaka adhabu hii ibaki ni ipi?

Wengi wanaopinga adhabu ya kifo huanza kwa kujibu hoja dhaifu ya wenzao, ile ya "wauawe tu, ni wanyama". Hiyo si hoja, ni hasira. Hoja yenyewe iko hivi: kuna matendo ambayo jamii isipoyajibu kwa uzito wake, inakuwa imesema kwamba uhai wa aliyeuawa ulikuwa mwepesi.

Kumbukeni mauaji ya watu wenye ualbino Kanda ya Ziwa, yaliyopamba moto kuanzia 2007. Watoto walikatwa viungo wakiwa hai ili mtu apate dawa ya utajiri. Mwenye kutenda hakughadhibika ghafla wala hakulewa. Alipanga, alipokea pesa na alimjua mtoto. Januari 2009 Waziri Mkuu wa wakati ule, Mizengo Pinda, alitamka kwamba wauaji hao nao wauawe, na baadaye akatokwa na machozi bungeni akijieleza. Wengi walimlaumu, na kisheria walikuwa sahihi, kwa sababu hakuna anayeruhusiwa kuua mtuhumiwa. Lakini machozi yale yalikuwa ya watu wengi. Mwaka huo huo wa 2009, mahakama mkoani Shinyanga iliwahukumu kifo wanaume watatu kwa kumuua mtoto mwenye ualbino, na jamii za watu wenye ualbino zikaona kwamba kwa mara ya kwanza Jamhuri imewahesabu kuwa ni watu kamili.

Na mauaji hayo hayajaisha. Mwaka 2024 mtoto mdogo mwenye ualbino alitekwa na kuuawa Muleba, Kagera. Mtu akikuambia mbele ya kaburi la mtoto yule kwamba muuaji anastahili kifo, usimjibu kwa takwimu za Ulaya. Mwelewe kwanza. Anadai uzito ulingane.

Hoja ya pili yao ni ya usalama: mfungwa anaweza kutoroka, kusamehewa, au kuua ndani ya gereza. Aliyekufa harudii.

Na upande wa pili, hoja yao kubwa ni ipi?

Kwamba mahakama hukosea, na kosa la kunyonga halina rufaa.

Wanaosikiliza kesi zetu wanajua ushahidi wa mauaji ya vijijini unavyokuwa. Tukio ni usiku. Mwanga ni wa kibatari, au tochi ya mtu aliyekuwa anatetemeka. Shahidi anasema "nilimtambua kwa sauti". Mahakama ya Rufani yenyewe iliona hatari hii zamani: katika kesi ya Waziri Amani ya mwaka 1980 ilielekeza kwamba ushahidi wa kutambua mtu kwa macho ni dhaifu, na kabla ya kuutegemea lazima uulizwe maswali. Shahidi alikuwa umbali gani? Mwanga ulikuwa wa namna gani? Alimtazama kwa muda gani? Je, alimjua kabla? Watu wengi wamepona kitanzi kwa maswali hayo.

Lakini fikirini: kanuni ile ilihitajika kwa sababu watu walikuwa wakitiwa hatiani bila maswali hayo kuulizwa. Ongezeni maelezo ya kukiri yaliyoandikwa kituo cha polisi na mtu asiyejua kusoma. Ongezeni upelelezi unaokawia mpaka mashahidi wanahama au wanafariki. Mahabusu wa kesi za mauaji hawana dhamana, na kila baada ya siku 14 wanapandishwa mahakamani kusikia maneno yale yale, "upelelezi haujakamilika".

Nchi tajiri zenye maabara na wapelelezi waliobobea nazo zimekosea. Uingereza ilimnyonga Timothy Evans mwaka 1950 kwa kifo cha binti yake mchanga. Baadaye ikajulikana kwamba jirani yake, John Christie, alikuwa muuaji wa watu wengi, na mwaka 1966 Evans akasamehewa akiwa kaburini. Marekani, tangu 1973, zaidi ya watu 190 waliohukumiwa kifo wameondolewa hatia.

Watetezi wa adhabu hii wana jibu: basi tuimarishe ushahidi, na kifo kitolewe pale tu pasipo na shaka ya aina yoyote. Ni jibu la haki. Ila sheria tuliyo nayo haitofautishi. Kipimo cha kumtia mtu hatiani ni kile kile kinachotumika kwenye wizi wa kuku, na kikishafikiwa, kitanzi kinafuata chenyewe.

Adhabu ya kifo inapunguza mauaji?

Hapa kila upande hujidai una uhakika kuliko ulivyo. Canada iliifuta mwaka 1976, na kiwango cha mauaji hakikupanda, bali miaka iliyofuata kilishuka. Hiyo haithibitishi kwamba kufuta ndiko kulikoshusha. Mwaka 2012 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilipitia tafiti za miongo mitatu likasema hazifai kutumiwa kudai kwamba adhabu hii inazuia, au haizuii, au inaongeza mauaji.

Kwangu mimi kinachomtisha mhalifu ni kukamatwa. Anayejua kwamba upelelezi wa kijijini kwake utakufa baada ya miezi miwili haogopi kitanzi wala kifungo. Na kwa Tanzania swali lenyewe ni la ajabu kidogo, kwa kuwa adhabu ambayo haijatekelezwa tangu 1994 haiwezi kuwa inamtisha mtu aliyezaliwa 1996.

Dini zinasemaje?

Waislamu wanaounga mkono hutaja kisasi katika Suratul Baqara, aya ya 178. Mashehe waliobobea watakukumbusha kwamba aya hiyo hiyo inafungua mlango wa msamaha: haki ni ya warithi wa aliyeuawa, wanaweza kusamehe na kupokea diya, yaani fidia ya damu. Sasa angalieni sheria yetu ya nchi. Kesi huitwa "Jamhuri dhidi ya" fulani. Familia ya marehemu haina sauti ya kisheria kwenye adhabu, hata ikisamehe kwa maandishi na mbele ya mashahidi. Kwa hiyo anayesema kifungu cha 197 ni kisasi cha Kiislamu hajakisoma vizuri kifungu wala aya.

Kwa Wakristo, wapo wanaosimama juu ya Mwanzo 9:6, damu kwa damu, na Warumi 13, mtawala habebi upanga bure. Wapo wanaokumbuka kwamba muuaji wa kwanza, Kaini, Mungu alimtia alama ili asiuawe. Kanisa Katoliki lilibadilisha katekisimu yake Agosti 2018, chini ya Papa Francis, kusema kwamba adhabu ya kifo haikubaliki. Walokole na Wapentekoste wengi ninaokutana nao hawajashawishika.

Kupinga adhabu ya kifo si ni mambo ya wazungu?

Naulizwa hili kila mara, na huwa najibu kwa kumpeleka mtu Kilwa Kivinje. Pale palikuwa na mwembe ulioitwa Mwembe Kinyonga. Wajerumani waliutumia kunyonga waliowapinga, na Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa Kilwa mwaka 1895. Mangi Meli alinyongwa Old Moshi mwaka 1900. Songea Mbano alinyongwa mwaka 1906 baada ya Maji Maji. Kenya, Waingereza walimnyonga Dedan Kimathi pale Kamiti tarehe 18 Februari 1957, na kabla yake walikuwa wamenyonga zaidi ya watu elfu moja wakati wa Mau Mau.

Kanuni ya Adhabu tunayoitumia ilianza Tanganyika mwaka 1930, chini ya Waingereza. Kile kipengele cha kumlazimisha jaji kutoa kifo kwa kila mauaji kimetoka kwao, na wao wenyewe walisimamisha kunyonga kwa mauaji mwaka 1965 na kuacha moja kwa moja mwaka 1969.

Lakini nisiipindishe historia. Jamii zetu nyingi kabla ya ukoloni ziliua wahalifu pia, hasa walioitwa wachawi. Nyingine zilitoza fidia ya ng'ombe au mtu. Kwa hiyo hakuna upande unaoweza kusema mila zote ziko naye. Hoja ya "ya wazungu" tuiweke kando, maana inakata pande zote mbili.

Mahakama zetu zimesema nini?

Mwaka 1994 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, katika kesi ya Mbushuu, alitamka kwamba adhabu ya kifo inavunja Katiba. Serikali ikakata rufaa. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ikatoa uamuzi ambao kila mtu anayejadili jambo hili angepaswa kuujua. Ilikubali kwamba kunyonga ni adhabu ya kikatili na inayodhalilisha. Hata hivyo ikasema inaruhusiwa, kwa kuwa ibara ya 30(2) inaruhusu sheria kuwekea haki mipaka kwa manufaa ya umma, na jamii ndiyo ya kuamua kama bado inaihitaji. Kwa maneno mengine, majaji waliurudishia mpira umma na Bunge. Umekaa huko tangu wakati huo.

Kisha tarehe 28 Novemba 2019, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake ni Arusha, iliamua kesi ya Ally Rajabu na wenzake. Haikusema adhabu ya kifo ifutwe. Ilisema kile kifungu kinachomlazimisha jaji kinavunja haki ya kuishi, kwa sababu kinamnyima jaji nafasi ya kumtazama mtu aliye mbele yake na mazingira ya kosa lake, na ikasema kunyonga kunavunja utu. Ikaipa Tanzania mwaka mmoja kurekebisha. Mwaka ule ulipita sheria ikiwa vile vile. Mwezi huo huo wa Novemba 2019 Serikali iliondoa tamko lililokuwa likiwaruhusu wananchi na asasi kwenda moja kwa moja kwenye mahakama ile.

Majirani zetu wamefanyaje?

Kenya haijanyonga tangu 1987. Desemba 2017 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Muruatetu, iliondoa ulazima wa jaji kutoa kifo kwa kosa la mauaji, na mwaka 2021 ikafafanua kwamba uamuzi ule hauhusu wizi wa kutumia nguvu. Kabla ya hapo Rais Kibaki alishawabadilishia adhabu zaidi ya wafungwa 4,000 kwa mkupuo mwaka 2009, na Rais Kenyatta 2,747 mwaka 2016. Uganda iliondoa ulazima mwaka 2009 katika kesi ya Susan Kigula na wenzake, na ikaongeza kwamba mtu akikaa zaidi ya miaka mitatu baada ya hukumu kuthibitishwa bila kunyongwa, inageuka kuwa kifungo cha maisha. Malawi iliondoa ulazima mwaka 2007. Burundi imefuta kabisa tangu 2009. Zambia mwaka 2022. Zimbabwe mwisho wa 2024, kwa saini ya Rais Mnangagwa, ambaye mwenyewe alihukumiwa kifo ujanani wakati wa harakati za ukombozi. Kongo imekwenda njia nyingine: Machi 2024 ilitangaza kurudisha utekelezaji uliokuwa umesimama tangu 2003, kwa sababu ya vita vya mashariki na magenge ya mijini.

Rwanda ndiyo inayonifikirisha zaidi. Aprili 1998 iliwapiga risasi hadharani watu 22 waliokutwa na hatia ya mauaji ya kimbari. Septemba mwaka huo huo, hapa kwetu Arusha, mahakama ya Umoja wa Mataifa ilimhukumu Jean Kambanda, aliyekuwa Waziri Mkuu wa serikali iliyosimamia mauaji yale, kifungo cha maisha, kwa kuwa mahakama ile haikuwa na adhabu ya kifo. Mkubwa akaishi, wadogo wakafa. Mwaka 2007 Rwanda ikaifuta adhabu hiyo, na sababu mojawapo ilikuwa ni kutaka washtakiwa waliokuwa Arusha na nchi nyingine wapelekwe kushtakiwa nyumbani. Nchi iliyopoteza watu wake katika siku mia moja iliona ni afadhali kuwapata wauaji wote na kuwafunga kuliko kuwaua wachache.

Kuna atakayesema: ni shinikizo la nje tu. Shinikizo lilikuwepo. Lakini wapo manusura waliokubali, na wapo waliolia kwa uchungu, na wote walikuwa na haki ya kusikilizwa.

Tukiifuta, wananchi wenye hasira kali si watachukua sheria mkononi?

Hofu hii siipuuzi, nimeona majivu ya matairi barabarani. Ila wanaochomwa moto mitaani wengi ni watuhumiwa wa wizi, wa simu, wa kuku, wa pikipiki, na wanachomwa leo, adhabu ya kifo ikiwa ipo kwenye vitabu. Ukiwauliza waliokuwepo watakuambia kwamba "akipelekwa polisi kesho tutamkuta mtaani". Tatizo lao ni imani kwa polisi na mahakama. Sheria ya kunyonga haijawahi kulitibu.

Kwa nini tuwalishe wauaji kwa kodi zetu?

Tunawalisha tayari, wanaosubiri kunyongwa na wa kifungo cha maisha.

Nitajuaje kwamba nimeipima hoja ya mwenzangu kwa haki?

Mweleze hoja yake kwa maneno yako, umuulize kama ndiyo anachosema. Akisema "ndiyo, umenielewa", endelea kumpinga. Akisema "hapana", bado hujampinga yeye. Kwenye mikutano huwa nawapa watu zamu: anayetaka ibaki ataje kesi moja ambayo asingependa mtu anyongwe, na anayetaka ifutwe ataje kesi moja inayomtia mashaka. Wazee huwa wepesi kuliko vijana katika hili. Kuna babu mmoja aliyekuwa mkali kweli wa kunyonga, zamu yake ilipofika akanyamaza, kisha akasema kesi ya mwanamke aliyepigwa na mumewe miaka 15 na usiku mmoja akasubiri alale. Huyo, akasema, asinyongwe. Kwa sheria ilivyo, kusubiri alale ndiko kunakoonyesha dhamira.

Wewe mwenyewe una msimamo gani?

Ninao, na ni wa hatua mbili.

Kuhusu kama muuaji wa kutisha anastahili kufa, nimebadilika mara mbili maishani na huenda nikabadilika tena. Leo naona tusinyonge, kwa sababu ya zile tochi za usiku na maelezo ya polisi. Siwezi kumwita mtu mbaya kwa kuona tofauti na mimi.

Kuhusu ulazima, sina shaka. Kifungu kinachompa aliyekuwa mlangoni adhabu ya aliyechoma kisu, na kumpa mke aliyepigwa miaka 15 adhabu ya muuaji wa kukodiwa, kibadilishwe. Na hili si la upande mmoja. Anayetaka adhabu ya kifo ibaki kwa ajili ya uzito ana sababu zaidi ya kuondoa ulazima, maana adhabu inayotolewa kwa wote inapoteza uzito huo huo anaoutaka. Kile kifungu kisomeke "anaweza kuhukumiwa" badala ya "atahukumiwa", kisha mjadala mkubwa uendelee bungeni na vijijini kwa muda wowote utakaohitajika.

Na mjane yule anayeuliza "lini?" aambiwe ukweli siku ile ile mahakamani, na mtu wa Serikali, si na msaidizi wa kisheria kwenye ngazi.

Ndugu yangu amehukumiwa kifo wiki iliyopita. Nifanye nini?

Pole sana. Usikae kulia tu, kuna muda unaohesabiwa. Taarifa ya kusudio la kukata rufaa kwenda Mahakama ya Rufani inatakiwa ndani ya siku 30 tangu hukumu. Mfungwa anaweza kuitoa kupitia mkuu wa gereza alipo, kwa hiyo nenda ukamwone na umuulize kama ameshasaini. Siku zikipita bado anaweza kuomba kuongezewa muda, akiwa na sababu za msingi. Kwenye rufaa ya aina hii mtu asiye na uwezo hupewa wakili kwa gharama za Serikali, kwa hiyo asije mtu kukuambia uuze shamba kwanza.

Omba nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi. Kaa na ndugu wengine muandike kila mnachokumbuka kuhusu usiku ule: nani alikuwa wapi, taa ilikuwa ya aina gani, nani alimtaja kwanza na baada ya muda gani. Mpelekee wakili karatasi hiyo mapema. Na ukienda gerezani mchukulie sabuni.